Mzee alipofunga daftari

Kwa miaka sita nilikuwa msimamizi wa ghala la vipuri vya mashine. Tulikuwa watu 11, rafu 14 zilizokaribia kugusa paa, ngazi mbili za chuma, na toroli nne ambazo moja ilikuwa na gurudumu linalolia kiasi kwamba ukiwa mezani ulijua imefika rafu ya ngapi. Kazi yenyewe ni rahisi kuisimulia. Oda inaingia, karatasi inachapwa, mtu anachukua toroli na kuzunguka akikusanya beringi, mikanda, sili, chujio. Anavileta mezani, mwenzake anahakiki, boksi linafungwa, linaondoka. Mteja akipata alichoagiza, hakuna anayetukumbuka. Akipata kisicho chake, boksi linarudi, na hapo ndipo ghala linapotajwa kwenye kikao.

Siku hizi sipo tena ghalani. Naitwa kwenye ofisi za watu kuangalia kazi zinavyokwenda na kwa nini haziendi, na swali ninaloulizwa na mameneja kuliko yote ni hili: hivi motisha ya wafanyakazi inabadili kweli matokeo ya taasisi, au ni maneno ya watu wa semina? Takwimu zipo, na baadhi nitazitaja. Lakini kila nikitaka kujibu, kinachonijia kwanza kichwani ni daftari.

Lilikuwa la mzee mmoja, mkongwe kuliko sote, aliyeanza kazi enzi ambazo kila bidhaa ilikuwa na kadi yake ya stoo inayojazwa kwa mkono. Daftari dogo la kuingia mfuko wa shati, jalada jeusi limeanza kukatika mgongo, penseli imefungwa kwa uzi. Hakuna aliyemwagiza kulibeba. Akiwa katika mizunguko yake, akiona kitu hakijakaa sawa, anasimama, anaandika mstari mmoja, anaendelea. Ijumaa jioni kabla ya kuondoka anakuja mezani kwangu, anavuta kiti bila kusubiri kukaribishwa, anasema, "Bosi, nina mawili matatu."

Mambo yake yalikuwa ya namna hii. Rafu ya 3, lebo imefifia, 6 inasomeka 8. Sili za milimita 35 zimeingiliwa na za 36, sanduku la chini kabisa. Mikanda ya rafu ya 11 inapigwa na jua la dirishani, mpira utapasuka. 6204 na 6205 zisikae jirani.

Hilo la mwisho lilirudi Ijumaa nyingi. Beringi hutambulika kwa namba, na namba hizo maana yake ni moja kokote uendako: 6204 ina tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha milimita 47, 6205 ina tundu la 25 na nje 52. Ukizishika zote mbili mkononi, tofauti unaiona mara moja. Ghalani huzishiki zote mbili. Unanyanyua boksi moja la kadibodi, rangi ile ile, maandishi yale yale, saa ya mwisho ya zamu, macho yameshakuwa mazito. Huko iendako, fundi aliyesimamisha mashine anafungua boksi na kukuta beringi inapwaya kwenye shafti kwa milimita tano nzima. Hana la kufanya ila kutuombea mabaya na kuirudisha.

Kosa nililolifanya lilinichukua nusu saa tu. Uongozi ulitaka ripoti: kila idara imefanya nini kupunguza makosa. Nilikuwa na haraka. Nikakumbuka yale ya Ijumaa, nikachagua manane, nikayapanga vizuri, nikayapa kichwa cha habari kizito, "Mpango wa Kupanga Upya Ghala", nikasaini chini. Jina la mzee halikuwamo hata mara moja. Sikukusudia kumwibia. Ndivyo tulivyozoea kuandika: "idara imebaini", "idara inapendekeza". Idara! Kana kwamba idara ina macho na miwani na penseli iliyofungwa kwa uzi.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya pongezi kwa jina langu, na mtu wa ofisini, kwa nia njema kabisa, akaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa ghala. Nilimwona mzee akiisoma. Alisimamisha toroli, akashusha miwani kutoka kichwani, akasoma hadi mwisho pamoja na sahihi. Akaipandisha tena miwani.

"Hongera, bosi," akaniambia, akasukuma toroli yake.

Ijumaa ile hakuja. Nikadhani ana haraka. Ijumaa iliyofuata pia. Ya tatu nikamfuata mwenyewe.

"Mzee, vipi daftari?"

"Limejaa."

"Nikutafutie jingine?"

"Hapana, bosi. Niko sawa."

Sasa, hapa ndipo ninapowaomba mameneja wanisikilize, kwa sababu kilichotokea baada ya hapo ni kwamba hakuna kilichotokea. Mzee aliendelea kufika mapema. Idadi ya oda alizokusanya kwa siku ilibaki ile ile. Hakununa, hakugoma, hakumsema mtu. Mwisho wa robo mwaka nikajaza fomu ya tathmini: mahudhurio, idadi ya kazi, nidhamu, usalama. Alama zake zilikuwa sawasawa na za robo iliyotangulia. Kwa mujibu wa fomu yangu, utendaji wa mzee haukushuka hata chembe.

Kilichokosekana ni kile ambacho fomu haikuwa na kisanduku chake. Siku moja kijana mgeni alimuuliza sili fulani zinakaa wapi. Zamani mzee angeacha toroli, angempeleka hadi kwenye sanduku, amwonyeshe na lile jirani ambalo huchanganywa nalo. Safari hii alijibu bila kusimama: "Angalia kwenye kompyuta." Jibu sahihi kabisa. Kompyuta ilikuwa na mahali pa kila kitu. Ila kompyuta haikujua kwamba sanduku la chini limechanganyika.

Wataalamu wana jina la mambo haya. Dennis Organ na wenzake, tangu miaka ya 1980, waliyaita kitu kama "uraia" wa kazini: yale mtu anayoyafanya bila kuandikwa kwenye mkataba, bila malipo yake, ambayo yakijumlishwa ndiyo yanaifanya taasisi iende. Kiswahili hakikungoja wataalamu. Tuna neno la upande wa pili wa jambo hilo hilo: kutegea. Anayetegea hajaacha kazi. Yupo, anafanya, ila anafanya kwa kipimo cha kutosha kutosemwa. Na kati ya kipimo hicho na uwezo wa mtu kuna nafasi kubwa ajabu, na ndani ya nafasi hiyo ndimo taasisi nyingi hufia bila mtu kuona zilipoanza kuugua.

Vitabu vya menejimenti hupenda kuandika kwamba utendaji ni uwezo mara motisha. Wengine, kama Blumberg na Pringle mwaka 1982, wakaongeza la tatu, fursa. Napenda kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha: ukiweka sifuri mahali popote, jibu ni sifuri, hata mtu awe fundi namna gani. Ninachogombana nacho ni kwamba sifuri huioni. Mtu mzima mwenye majukumu haleti sifuri kazini. Analeta kiasi cha kumvusha mwezi. Sifuri ya mzee ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye daftari, na hapo ndipo palipokuwa na thamani.

Na sasa takwimu niliyoahidi, maana kuna watakaosema hii ni hadithi ya mzee mmoja tu. Mwaka 2001 Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti za miaka mingi zenye sampuli 312 kuangalia kama mtu anayeridhika na kazi yake hufanya vizuri zaidi. Uhusiano walioupata ulikuwa kama 0.30, kwenye kipimo ambacho sifuri ni hakuna uhusiano na moja ni uhusiano kamili. Si sifuri, lakini pia si ile ahadi ya kwenye mabango ya semina. Meneja anayetarajia kwamba akiwafurahisha watu Jumatatu atavuna faida Ijumaa, namba hiyo itamvunja moyo. Mimi hainishangazi. Vipimo vya utendaji katika tafiti nyingi ni fomu zilizojazwa na wasimamizi. Yaani na mimi.

Turudi ghalani. Miezi miwili hivi baada ya daftari kufungwa, maboksi yakaanza kurudi. Si kwa mafuriko. Moja hapa, mawili kule, halafu wiki nzima mfululizo. Tulikuwa tumezoea kuyaweka kwenye kona moja ndogo karibu na lango. Kona ikajaa, yakaanza kupangwa njiani. Uongozi ukaniita. Nikatoa dawa ambayo kila msimamizi huitoa akibanwa: bonasi. Kila mkusanyaji alipwe kwa idadi ya oda anazokamilisha kwa siku juu ya kiwango fulani. Niliichora mwenyewe kwenye jedwali, ikapendeza.

Kabla hujanicheka, jua kwamba malipo kwa idadi hufanya kazi. Mwanauchumi Edward Lazear alichunguza kampuni ya Marekani ya kubadilisha vioo vya magari, Safelite, ilipohama kutoka malipo ya saa kwenda malipo kwa kioo katikati ya miaka ya 1990. Uzalishaji kwa kila mfanyakazi ulipanda kwa asilimia 44, na karibu nusu ya ongezeko hilo lilitokana na watu wale wale kuongeza juhudi. Tatizo ni kwamba nilichukua nusu ya habari. Kioo kilichofungwa vibaya kinajulikana ni cha nani, na aliyekiharibu ndiye anayeitwa kukirudia. Boksi langu lilirudi baada ya wiki mbili, likitupwa konani, na hakuna aliyejua nani alilijaza.

Matokeo yalionekana ndani ya siku kumi. Asubuhi nilikuta watu wamefika kabla ya muda. Nikafurahi, nikadhani ari imerudi. Kumbe walikuwa wanawahi trei ya karatasi. Oda ya vitu viwili ni oda moja. Oda ya vitu 30, yenye kupanda ngazi na kubeba mizigo mizito, nayo ni oda moja. Basi karatasi fupi ziliondoka zote kabla ya saa tatu, na zile ndefu zikazama chini ya trei zikikunjana pembe. Mteja mkubwa, anayeagiza vitu 30 kwa mpigo, ndiye akawa anasubiri kuliko wote. Pale mezani, mhakiki akichelewesha boksi kwa kulihesabu mara ya pili, alisikia sauti nyuma yake: "Dada, pitisha bwana, unatula siku." Akapitisha.

Idadi ya oda ilipanda, hilo nalikiri. Niliipeleka kwenye kikao ikiwa kwenye chati yenye rangi, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kona ya maboksi yanayorudi haikuwa na chati.

Mtaalamu wa menejimenti Steven Kerr aliandika mwaka 1975 juu ya upumbavu huu wa kulipa jambo moja huku unatarajia jingine, na tangu hapo kila kizazi cha mameneja huurudia kana kwamba ndio wa kwanza. Mfano mkubwa unaojulikana ni wa benki ya Wells Fargo ya Marekani. Wafanyakazi waliwekewa malengo ya kuuza akaunti nyingi kwa kila mteja, nao, wakikabiliwa na malengo yasiyofikika, wakafungua akaunti kwa majina ya wateja bila wateja kujua. Ilipolipuka mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi kama 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Wale watu walikuwa na motisha, tena kali. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kampuni yake inahitaji "motisha zaidi", huwa namuuliza kwanza: ya kufanya nini?

Kisha uongozi ukafanya la kwao. Walipoona watu wanavuka kiwango cha bonasi kila siku, mwezi wa tatu wakakipandisha kiwango. Nilitumwa mimi kulitangaza hilo. Nilisimama mbele ya watu kumi wakiniangalia, na kijana mmoja nyuma, yule mwenye toroli inayolia, akasema kwa sauti ya kutosha, "Si nilisema?" Hakuna aliyecheka. Kuanzia siku ile idadi ya oda ikatua mahali pamoja, wiki baada ya wiki, kama imepigwa msumari. Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua.

Baadaye sana nilisoma habari za kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, nikahisi kama mtu amenichungulia dirishani. Wengi wanakijua kwa majaribio ya taa ya miaka ya 1920: husimuliwa kwamba taa ziliongezwa, uzalishaji ukapanda; zikapunguzwa, ukapanda tena. Mimi kilichonishika ni chumba kingine. Kati ya mwaka 1931 na 1932 watafiti waliwaweka wanaume 14 wakiunganisha waya za mitambo ya simu, chini ya mpango wa malipo ambao ungewapa zaidi kadiri kundi linavyozalisha zaidi. Hawakuzalisha zaidi. Walikuwa na kiwango chao wenyewe cha kazi ya siku, hakikuandikwa popote, na aliyekizidi alichapwa ngumi ya begani. Moja ya hofu zao ilikuwa kwamba wakionyesha wanaweza zaidi, kiwango kitapandishwa au malipo yatakatwa. Sisi hatukuhitaji ngumi. "Si nilisema?" ilitosha.

Wapo watakaosoma hadi hapa na kusema: kumbe fedha si motisha. Sikusema hivyo, na wanaopenda kusema hivyo mara nyingi ni wale ambao mshahara wao hauwaamshi usiku. Mwaka 1913 Henry Ford alikuwa na kiwanda ambacho watu walikikimbia kiasi kwamba mzunguko wa kuingia na kutoka ulifika asilimia 370 kwa mwaka. Januari 1914 akatangaza dola tano kwa siku, zaidi ya mara mbili ya yaliyokuwepo, na saa za kazi zikapungua hadi nane. Mwaka 1915 mzunguko ule ulikuwa asilimia 16. Mstari wa kuunganisha magari ulibaki wa kuchosha vile vile. Malipo madogo yanafukuza watu, huo ndio ukweli, na taasisi inayolipa vibaya kisha ikaleta mkufunzi wa kuhamasisha inatafuta kutukanwa.

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg alilisema hili kwa namna inayonisaidia hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu 203 eneo la Pittsburgh, wakawauliza ni lini walijisikia vizuri sana kazini na ni lini walijisikia vibaya sana. Majibu hayakuwa pande mbili za sarafu moja. Yaliyowaudhi yalikuwa sera za kampuni, usimamizi, mshahara, mazingira. Yaliyowainua yalikuwa kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Ukiondoa ya kwanza, malalamiko yanaisha, lakini daftari halifunguki. (Na Maslow, yule mwanasaikolojia wa ngazi za mahitaji ya binadamu? Aliandika mwaka 1943, wengi mnamjua. Piramidi ya mahitaji hayo hakuichora yeye, ilichorwa na waliokuja baadaye. Tuendelee.)

Kilichoanza kunifumbua macho ni simu. Fundi mmoja, mteja wetu, alipiga kulalamika, nami kwa uvivu tu wa kutotaka kunyanyua mkono nikaiweka simu kwenye spika, pale pale mezani pa kufungia maboksi. Mashine yake ilikuwa imesimama tangu jana yake. Alikuwa amekesha sakafuni chini yake akisubiri beringi yetu, asubuhi ikafika, akafungua boksi, si yenyewe. Hakupiga kelele. Alikuwa amechoka tu. "Nyinyi mnaojaza haya maboksi," akauliza, "mnajua huku kuna watu?"

Yule mwenye toroli inayolia alikuwa amesimama hapo. Namba ya oda ilipotajwa aliangalia pembeni, na mimi nikajua, naye akajua nimejua. Sikumwambia kitu. Kesho yake nikamkuta na kalipa mfukoni, sijui aliitoa wapi, akipima kila beringi kabla ya kuiweka kwenye toroli. Bonasi yake ya siku hiyo ilikuwa sifuri.

Adam Grant na wenzake waliwahi kulipima jambo la aina hii kwenye kituo cha simu cha chuo kikuu, ambako wafanyakazi walipiga simu kuomba michango ya ufadhili wa wanafunzi. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika tano na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye, kwa mujibu wa utafiti wao wa mwaka 2007, kundi hilo lilikuwa linatumia muda kwenye simu zaidi ya mara mbili ya zamani, na fedha wanazoleta zilikuwa zimepanda kwa asilimia 171. Hakuna aliyewaongezea senti. Mtu alimwona mtu.

Kuanzia simu ile nikaacha kuficha maboksi kona ya lango. Kila lililorudi lilifunguliwa mezani, mbele ya waliokuwepo, na karatasi ya mteja ikasomwa. Sikutafuta wa kumwadhibu, na hili ilinibidi kulirudia mara nyingi kabla hawajaniamini. Bonasi tuliibadilisha ikawa ya zamu nzima, na boksi linalorudi likawa linapunguza fungu la wote, mimi nikiwemo. Haikumpendeza kila mtu. Mmoja, mkusanyaji mwepesi kuliko wote, alihesabu akaona anapoteza, akaondoka mwezi uliofuata, na sina hakika kama alikosea.

Bado kulikuwa na mzee.

Niliomba msamaha asubuhi mwanzoni mwa zamu, mbele ya wote. Sikujua maneno, kwa hiyo nikasema yalivyo: barua ile ubaoni ni ya mambo ambayo mzee huyu aliyaona na kuyaandika, mimi niliyanakili nikaweka sahihi yangu. Nikaibandua. Nilikuwa nimeshaandikia uongozi barua nyingine yenye jina lake, nikaibandika hiyo. Watu wakapiga makofi kidogo, ya kuchanganyikiwa. Mzee akasema "sawa, bosi", akaenda zake rafu ya 3.

Jioni akanikuta nafunga milango.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mimi si mtu wa barua. Ila nilipoisoma ile nikaona mimi humo simo. Basi nikasema, kama simo, simo."

Nimesikia mafunzo mengi ya motisha tangu siku ile, ya bei ghali na ya bure. Sijasikia maelezo bora ya jambo hili kuliko hayo maneno matatu: kama simo, simo.

Nikamwuliza angependa nini kifanyike. Alitaka jambo moja: ruhusa ya kuhamisha vitu bila kuniuliza. Tu. Nikampa, na hapo vita vikaanza, kwa sababu mfumo wa kompyuta ulitaka namba zifuatane, 6204 kisha 6205, na watu wa mifumo wakasema kubadilisha mahali pa bidhaa kunahitaji kibali cha mtu ambaye kila tukimtafuta alikuwa likizo. Ilituchukua wiki tano. Meneja mmoja aliniambia waziwazi kwamba nazua mambo makubwa kwa sababu ya rafu. Nilimjibu kwa mfano wa kiwanda cha magari cha Fremont, California. General Motors walikifunga mwaka 1982, kimeshindikana, utoro umekithiri. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wafanyakazi wengi walikuwa wale wale wa zamani. Kati ya yaliyobadilika ni kwamba mfanyakazi yeyote, akiona kasoro, aliweza kuvuta kamba na kusimamisha mstari mzima. Utoro ukaporomoka, ubora ukapanda. Meneja akasema sisi si kiwanda cha magari. Ni kweli. Mzee alikuwa anaomba kamba fupi zaidi ya ile.

Kibali kilipokuja, alihamisha 6205 hadi rafu ya 8, mwisho mwingine wa ghala, na katikati yao akaweka chujio, ambazo hata gizani huwezi kuzidhania beringi. Wakusanyaji walilalamika kwa kutembea zaidi. Maboksi ya beringi yanayorudi yakapungua, polepole, na baadaye ya sili, alipomaliza na lile sanduku la chini akisaidiwa na kijana mgeni, wamekaa sakafuni wote wawili na kalipa moja, wakizipitia sili moja moja.

Daftari lenyewe halikurudi. Ijumaa zilipita, wiki nane, tisa. Niliacha kuangalia mlango. Kisha jioni moja, nikiwa nimeinamia jedwali la zamu, kiti kikavutwa.

"Bosi, nina moja tu," akasema. Lilikuwa daftari jipya, jalada la bluu, penseli ile ile. Akalisoma akiwa amelishikilia mbali kidogo na macho. "Ngazi ya rafu ya 9 inacheza."

Sikuliandika popote. Niliinuka, nikaenda naye rafu ya 9, tukaitoa ile ngazi, yeye mbele mimi nyuma, hadi nje.